Siku ya Kwanza ya Utani

Mimi ni katekista, na katekista hashtuki ovyo. Nimeona walevi wakiingia ibadani na chupa mkononi. Nimeona bwana harusi akitokea dirishani wakati bibi harusi anaingia mlangoni. Lakini dada yangu Yudith alinishtua tangu nikiwa mdogo mpaka siku tuliyomzika, na siku hiyo ndiyo alinishtua kuliko zote, naye yumo ndani ya sanduku.

Tunakaa Rudewa, kitongoji cha Kambi Namba Mbili. Kambi ni jina la enzi za mkonge. Mkonge ulikufa, sisi tukabaki na jina na ardhi, na hiyo ardhi ndiyo iliyotuletea makubwa. Sisi Wasagara tulishuka kutoka milimani tukapanda mahindi na mbaazi kwenye mashamba yale ya zamani. Wamasai wakaja na ng'ombe wao, nao wakaona nyasi palepale tulipoona shamba.

Mdogo wetu wa mwisho, Valentino, aliuawa mwezi wa sita, siku ng'ombe walipoingia kwenye mahindi ambayo hayajavunwa. Kimaren, mtoto wa mzee Kitashu, alikufa saa ileile, hatua kumi kutoka pale alipolala Valentino. Polisi walikuja, watu wakakamatwa, kesi ikaenda Kilosa, ikarudi, ikaenda tena. Mpaka leo hakuna anayejua nani alimpiga nani kwanza, nami nimeacha kuuliza.

Kwetu mtu hazikwi bila watani wa ukoo wake. Mtani wetu ni Kasian, mzee wa vituko. Siku ya kumzika Valentino alivaa buti za marehemu, akavua moja akaishika sikioni kama simu, akawa anazunguka kaburi akipiga kelele: "Haloo! Haloo! Nasikia nusu! Mtandao wa huku chini mbovu!" Ndivyo Valentino alivyokuwa, alizungumza na simu hadi kitongoji cha pili wakamsikia. Yudith alicheka, machozi yanamtiririka, mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika. Huwa sipendi mambo haya, ingawa wazee wetu wameyapenda na mchungaji ameyazoea.

Siku ya kuanua matanga, dada akamvuta Kasian pembeni, nami nikiwapo.

"Kasian, utani wa ukoo wako na wetu ulianzaje?"

"Babu zetu walipigana, Yudith. Nasikia walichomeana nyumba."

"Halafu?"

"Halafu wakawa watani."

"Hapo katikati palikuwa na nini?"

Kasian akajikuna kichwa. Hakujua.

"Wangoni na Wahehe walichinjana," dada akasema, "leo wanachukuliana kuku wanacheka. Lazima kulikuwa na siku ya kwanza. Lazima kulikuwa na mtu mmoja aliyekwenda kumtukana adui yake, na adui akajibu kwa mdomo badala ya mkuki. Huyo mtu hamkumuuliza hata jina?"

Nilidhani ni uchungu wa msiba. Nikamwombea, nikasahau.

Miezi mitatu baadaye kukawa na mkutano wa hadhara wa wakulima na wafugaji. Alikuja afisa wa ardhi kutoka Kilosa na ramani yake, njano kwa wakulima, kijani kwa wafugaji. Ramani hiyo tulishaionyeshwa miaka ya nyuma, ila safari hii rangi zilikuwa zimekolea. Wamasai walikaa upande wao, sisi upande wetu. Afisa alipomaliza akauliza kama kuna swali, na dada yangu akasimama.

"Mheshimiwa, naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kuanzia leo Wasagara na Wamasai wa kijiji hiki ni watani."

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka. "Mama, utani hauandikwi."

"Na mipaka mmeiandika mara ngapi? Kuna ng'ombe aliyeisoma?" Hakuwa anacheka. "Mpaka unasema hapa langu, pale lako, ukivuka nakupiga. Utani unasema ukivuka nitakutukana, nitachukua kitu chako, na hakuna kesi. Na ukifa, mimi ndiye nitakayekuja kukuzika. Mimi nataka kuishi hivyo. Ramani tumeishi nayo, tumeona."

Angekaa hapo ningemsamehe. Hakukaa. Aligeuka upande wa Wamasai akamtafuta mzee Kitashu kwa macho. Kitashu alimzidi miaka zaidi ya kumi. Hata shikamoo hakumpa.

"Wewe Kitashu! Hayo masikio yako yametoboka mpaka maneno yanaingia na kutoka bila kukaa. Ndiyo maana kila mwaka tunarudia mkutano uleule!"

Yule mzee alikuwa amefiwa na mwanawe miezi mitatu tu iliyopita, na sisi ndio tuliokuwa upande wa pili wa kifo hicho. Vijana wake walisimama wote kwa pamoja, fimbo mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kitashu aliinuka taratibu, akamtazama dada yangu kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila neno, na vijana wakamfuata.

Nilimfuata hadi nyumbani. "Dada," nikamwambia, "utani usiojibiwa si utani. Ni tusi."

"Najua. Kwa hiyo namsubiri ajibu."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha!"

"Usaha ulishatumbuka, Damiano. Tuliuzika mwezi wa sita."

Watu wetu wenyewe walimtenga. Pale bombani wanawake walinyamaza akifika, wengine wakasema ameuza damu ya ndugu yake. Mimi nilimsomea ile methali, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikitaka kumkumbusha ndugu zake ni akina nani. Akanijibu, "Basi ngoja tuone." Hivyo tu.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa Kitashu waliingia kwenye mbaazi za dada. Jirani wote walikimbilia ofisi ya kijiji kuita watu wa tathmini. Dada alijifunga khanga kiunoni akashika njia ya kwenda bomani kwa Kitashu. Nilimfuata kwa kuwa niliamini wanakwenda kumuua.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa kukamua. Nalepo, mke wa Kitashu, alikuwa ameinama chini ya ng'ombe, kibuyu mkononi. Dada hakupiga hodi.

"Ng'ombe wenu wamekula mbaazi zangu," akasema, "nimekuja kuzinywa."

Akachukua kile kibuyu, akanywa maziwa yote pale pale, akajifuta mdomo, akakitia kwapani, akageuka kuondoka. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa kati ya watani. Mtani wako akipita na sufuria yako unamkimbiza ukicheka, huendi polisi. Na chombo cha maziwa kwetu ni chombo, kikipotea unanunua kidumu kingine gulioni. Hatukujua, dada wala mimi, kwamba kibuyu kile Nalepo alipewa na mama yake mzazi siku alipotoka nyumbani kwenda kuolewa, na mama yule alishakufa.

Nalepo alipiga ukelele ambao bado nausikia. Vijana wakatokea kila upande na fimbo zao. Nilisema, "Bwana unirehemu," kwa sauti, mbele za watu, bila aibu. Ndipo mzee Kitashu akatoka ndani akiinama, akainua mkono, vijana wakasimama. Hakumtazama Yudith. Alinitazama mimi.

"Mwambie dada yako, mbaazi nimeziona. Kibuyu cha mama akiache."

Dada akamtazama Nalepo, akaona analia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona Yudith ameshtuka yeye, mdomo wazi kama mtoto aliyevunja kitu. Alikirudisha kile kibuyu kwa mikono miwili. Kesho yake akarudi tena, peke yake, na sufuria ya mbaazi zilizopikwa kwa nazi, kutoka kwenye kipande kidogo kilichosalia. Alinisimulia mwenyewe kwamba Nalepo aliangalia sufuria, akamwangalia yeye, akasema, "Mwizi gani huyu anarudi na mboga?" Kisha akacheka kidogo.

Tangu hapo wanawake wakaanza. Wakikutana njiani kwenda gulioni, wale wanaita, "Wala majani hao!" na wetu wanajibu, "Afadhali sisi, nyie mnanyonyana na ndama!" Mimi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Lakini mtu wa Mungu hasemi uongo, kwa hiyo nasema nilichokiona. Mwaka wa ukame, wanaume wa pande zote mbili walikabiliana kwenye mpunga, mapanga huku, sime kule, na dada yangu aliingia katikati akatukana upande huu na upande ule, vitambi, miguu, mama wakwe, hakubakiza kitu. Kijana mmoja wa Kimasai akacheka bila kutaka. Na mwenzako akishacheka, panga linakuwa zito. Watu wakarudi nyumbani. Sisemi amani ilikuja. Nasema siku hiyo hatukuchimba kaburi.

Ila mzee Kitashu hakujibu. Kila siku ya mnada dada alipita pale anaposimama akikagua ng'ombe, akamrushia la kwake, kisha akasimama kusubiri. Mzee aliendelea kutazama ng'ombe. Wiki kwa wiki, miaka saba. Nilimwonea dada huruma, na nilimwonea aibu, na sijui ipi ilikuwa kubwa zaidi.

"Si wanawake wameshakubali?" nilimuuliza siku moja. "Unamtakia nini yule mzee?"

"Kimaren alikuwa mwanawe. Yeye asipojibu, bado hatujaanza. Akifa kabla ya kujibu, au nikifa mimi, watoto wao na wetu watarudia mapanga, nawe unajua."

Dada akawa wa kwanza kuugua. Uvimbe tumboni. Tulimpeleka Mikumi hospitali, akalazwa wiki mbili, bintiye Rebeka akimuuguza. Nilipokwenda kumwona alikuwa amebaki macho na mdomo.

"Nikifa," akaniambia, "nenda mwenyewe kwa Kitashu, usimtume mtu. Mwambie Yudith ameuawa na harufu ya ng'ombe wake, kwa hiyo aje alipe kwa kunizika."

"Dada, hayo siwezi. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Wewe ni mwoga wa kanisa," akasema, akanishika mkono. Alifariki Alhamisi.

Tulimleta kwa gari la kukodi. Njiani, kwenye kijiji kiitwacho Ulaya, ilikuwa siku ya gulio, barabara imejaa, na watu walishuka kwenye baiskeli zao wakasimama tupite. Rebeka alilia njia nzima. Mimi sikulia, nilikuwa nawaza yale maneno niliyoachiwa. Kuvunja wosia wa marehemu ni dhambi. Kumtukana mzee aliyefiwa na mtoto, mtoto ambaye labda aliuawa na ndugu yako, hiyo nayo ni nini? Hakuna sura ya Biblia iliyoandika jambo hilo, nilitafuta.

Nilikwenda. Kitashu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anasuka kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Yudith amefariki."

Mikono yake ikasimama. Ningeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Nikatazama udongo nikasema lote, harufu ya ng'ombe na kulipa na kuzika, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kanisani.

Aliweka kamba magotini.

"Mnazika lini?"

"Kesho, saa nane."

"Haya," akasema, akaendelea na kamba yake.

Nililia njia nzima ya kurudi. Nililia kwa hasira. Miaka saba ya mwanamke yule, na jibu la mzee ni "haya" tu!

Kesho yake makaburini Kasian alivaa khanga ya Yudith, akatia kidumu kwapani akawa anamwendea kila mtu, "Nimekuja kunywa mbaazi zangu!" Watu walicheka wakilia. Mchungaji Lupakisyo akasubiri kwa subira yake, kisha akafungua Kitabu cha Sala. Sanduku lilikuwa juu ya kamba kando ya kaburi, vijana sita wameshika, tayari kulishusha.

Ndipo tukasikia njuga za miguuni.

Walikuwa kama thelathini, wanaume na wanawake, wamesimama nje ya ua wa minyaa. Hawakuingia. Sote tulijua hawaingii. Wamasai wa imani ya kale hawasogelei kaburi, zamani maiti zao waliziachia fisi porini, na Kitashu alikuwa wa kale kuliko wote. Hata Kimaren alizikwa na watu wengine, baba mtu akiwa mbali, mgongo umegeuzwa. Nikaona wanaume wetu wanatafuta kwa macho yale mapanga tuliyofyekea nyasi. Nikawaza, leo tunazika wangapi?

Mzee Kitashu akapita kwenye upenyo wa ua, peke yake. Alitembea katikati yetu bila kusalimia mtu. Akafika ukingoni mwa kaburi, akavua katambuga zake, akaziweka vizuri pamoja, kama mtu anayeingia nyumbani. Akakabidhi fimbo yake kwa Mchungaji Lupakisyo, ambaye aliipokea bila kujua anafanya nini. Kisha akakaa kwenye ukingo, akajishusha kwa mikono, akalala chali ndani ya kaburi la dada yangu.

Mwanamke mmoja alipiga kelele. Nalepo, kule nje ya ua, alijifunika uso. Sikuwahi kuona kitu kama kile, wala baba yangu hakukiona, wala babu yake Kitashu.

Sauti ikatoka chini. "Haingii mtu hapa."

Vijana wenye kamba wakarudi nyuma hatua moja.

"Nimelipima hili shimo. Fupi. Ile miguu yake mirefu ya kuingilia maboma ya watu asubuhi itabaki nje. Huyu mwizi wa vibuyu akatafute pengine."

Kasian ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona anang'ata pindo la ile khanga asicheke.

"Alisema masikio yangu yametoboka," sauti ikaendelea, na sasa haikuwa imara tena. "Alisema maneno yanapita hayakai. Mwongo mkubwa! Miaka saba, kila mnada, maneno yake yote yamo humu. Hakuna hata moja lililotoka. Usiku silali. Sasa nani atanitoa hayo maneno?"

Rebeka alikuwa ameanguka kwa magoti. Vijana walioshika kamba walikuwa wanalia waziwazi, sanduku linayumba.

"Mzee, tafadhali toka," akasema mchungaji.

"Sitoki. Najua mila yenu, nimewauliza watu. Mtani hatoki kaburini mpaka apewe chake. Mimi sitaki kuku. Sitaki khanga. Nataka yule wa kanisa, ndugu yake, anitukane. Jana alinipa matusi ya dada yake. Leo nataka ya kwake."

Watu wote wakanigeukia. Mchungaji wangu akanigeukia, fimbo ya Kimasai mkononi. Nilisogea ukingoni nikatazama chini. Alikuwa mzee sana, mdogo kuliko nilivyomfahamu, mashuka yake mekundu yamejaa udongo, na vidole vyake vimekamata kuta za shimo. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kaburi lile kuliko mtu yeyote pale, na alikuwa amelala ndani yake. Nikafungua kinywa kusema pole mzee, na kilichotoka ni kingine, sijui kilitoka wapi, naapa sijui:

"Toka humo! Hata fisi wa kwenu wamekukataa, sasa umekuja kujaribu bahati kwetu?"

Nilijiziba mdomo kwa mkono. Katekista, miaka thelathini na moja ya huduma, maneno hayo, kwa mzee, kaburini.

Halafu chini kule pakatoka kicheko. Kikavu, cha kukohoa, kama cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Nje ya ua akacheka Nalepo, kisha wengine, na Wamasai wakaanza kuingia mmoja mmoja kupitia ule upenyo, wamefumba macho nusu, wakashika kamba za sanduku pamoja na vijana wetu.

Nilipiga magoti nikamnyooshea mkono. Aliushika, nikavuta kwa nguvu, kwa kuwa nilitaka atoke haraka, nilitaka yote yale yaishe.

"Vuta polepole, mtani," akasema mzee Kitashu. "Mimi mzee."

Dada yangu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Neno hilo alilisubiri miaka saba, nikapewa mimi.